Kunja Kabla ya Kukata

Karakana, 3 Februari

Mjukuu wangu Kimya,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimekutangulia.

Huku hakuna mapya makubwa. Paa halivuji tena; baba yako alipanda akaliziba huku akilalamika kwamba yeye ni fundi wa mafriji, si wa mabati. Paka amezalia ndani ya sanduku la vipande vya ngozi. Watoto wanne, na wote wana sura ya kutaka kunidai kodi.

Sasa jambo lenyewe. Wakili amenishauri niandike wosia upya, kwa sababu ule wa zamani umejaa mistari ya kufutafuta. Karakana nakuachia wewe: meza, vibano, nyuzi, ngozi, na Jaji, ile mashine yetu ya kukatia, ingawa siku hizi yuko likizo. Baba yako amekubali. Yeye harufu ya gundi humuumiza kichwa tangu utotoni. Maliza shule kwanza. Nitakungoja, sina safari.

Shangazi yako hayumo. Nilimfuta miaka kumi na moja iliyopita na msimamo wangu ni ule ule. Usiniulize. Na usimwulize mama yako, maana atalia.

Nitatia sahihi mtakapofunga shule. Usilale na miwani usoni.

Babu yako,
mjalidi wa vitabu


Shuleni, 11 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo, hata kama ulishaipokea.

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Nilifurahi sana, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Unajua nimeota karakana ile tangu nilipokuwa siifikii meza. Lakini nimejiona kama mtu aliyeambiwa akae kwenye kiti ambacho bado kina joto la mwingine.

Najua umesema nisiulize. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitabu hakijalidiwi kabla ya kuhesabu kurasa zake, na mimi nahesabu, naona ukurasa mmoja haupo. Babu, kumfuta mrithi maana yake nini hasa? Ni kwamba hapati meza na vibano tu? Au ni kwamba si mtoto wako tena? Ukifuta jina kwenye karatasi, mtu mwenyewe anakwenda wapi?

Samahani kama nimekosa adabu. Kwenye barua huwa nasema mengi kuliko mdomoni.

Mjukuu wako,
Kimya


Shuleni, 12 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa kaka yako, yule uliyemwacha ana miaka mitano. Sasa nina kumi na sita. Sura yako siikumbuki vizuri, nakumbuka mikono. Ilikuwa na gundi iliyokauka, na ulikuwa unaniruhusu niibandue polepole huku ukijifanya unaumia.

Anwani yako nimepewa na Mama siku ya kutembelewa. Babu aliniambia Mama atalia. Hakulia. Aliiandika bila kuitafuta popote, kumbe ameikariri.

Naandika kwa sababu Babu anataka kuniachia karakana. Pale palipokuwa na jina lako ataandika langu. Mimi napenda vitabu kuliko kitu chochote, na nikisema siitaki nitakuwa mwongo. Lakini sitaki kuchukua kilicho chako bila kukuuliza. Ukisema nisipokee, sitapokea. Sijui nitamwambiaje, maana mbele yake huwa naishia kupanga nyuzi, lakini nitatafuta njia.

Tafadhali niambie pia kilichotokea, kama kuniambia hakukuumizi.

Wako,
Kimya (ndivyo wanavyoniita nyumbani)


Maktaba ya chuo, chumba cha nyuma, 25 Februari

Kimya wangu!

Marahaba, marahaba mia moja. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini, nimeegemea rundo la magazeti ya zamani. Mwenzangu wa kazini akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Toka hapa, nimepata mtoto."

Unasema nilikuwa nakuacha ubandue gundi? Ulikuwa unaila, mama! Nilikuwa nakukimbiza kuzunguka meza nzima.

Mimi sijaiacha kazi. Hapa chuoni nashona vitabu vilivyoraruliwa. Wanafunzi wanavitafuna kama mbuzi, na nawashukuru, ndio wanaonipa riziki. Kwa hiyo usinionee huruma kwamba sina meza. Ninayo, na ina dirisha.

Karakana ichukue, na uichukue kwa mikono miwili. Wala usiumie kwa ajili yangu. Na ile mashine ya kukatia, bado mnaiita Jaji? Ni mimi niliyempa jina, kwa sababu akishahukumu hakuna rufaa.

Umeuliza kilichotokea. Kitabu cha Mwalimu, jirani yetu, kilikatwa vibaya. Nilirudi kutoka dukani na furushi la uzi mkononi, nikamkuta Mwalimu amekifungua mezani, analia bila sauti. Ndiyo hivyo. Mikono yangu ilikuwa na haraka, mtaa mzima uliniita Kasi, na kila kilichovunjika kilikuwa changu hata kama siku hiyo nilikuwa naumwa kitandani. Mambo ya zamani hayo.

Babu yako bado anajifanya anapenda chai isiyo na sukari? Mwangalie vizuri akinywa. Jicho moja hulifumba.

Shangazi yako


Karakana, 2 Machi

Kimya,

Nimeambiwa nina mjukuu mpole. Mpole gani huyu anayeuliza maswali manne kwenye barua moja?

Sawa. Utakuwa na karakana, basi lazima ujue kosa lililofanyika ndani yake, usije ukalirudia.

Mwalimu alileta kitabu cha marehemu mama yake. Kilikuwa kitabu cha kulea watoto, cha kawaida tu, lakini mama yule alikuwa ameandika pembezoni mwa kurasa mambo ya watoto wake saba: nani ameota jino, nani amepata homa, nani amesema neno la kwanza na lilikuwa neno gani. Mwalimu ni kitindamimba. Ya kwake yalikuwa kurasa za mwishoni.

Sheria yetu unaijua. Kabla ya kukata kingo unafunua kila ukurasa. Ukiona mwandiko pembeni, unaukunja ukurasa ule kwa ndani, ili kisu kipite bila kuugusa. Kunja kabla ya kukata. Baba yangu alinifundisha hivyo kwa kofi.

Asubuhi ile kitabu kiliwekwa kwa Jaji bila kukunjwa hata ukurasa mmoja. Mwandiko ulikuwa wa penseli, umefifia kiasi kwamba unafunua ukurasa na unaona weupe mtupu, unafunua mwingine, weupe, unaamini kabisa hakuna kitu. Kisu kikashuka mara moja. Mwalimu alipokuja saa sita kuchukua kitabu chake, akafungua kurasa zake, akakuta nusu nusu ya maneno. Neno lake la kwanza lilikatwa katikati.

Shangazi yako alikiri mwenyewe mbele ya Mwalimu. Mtu asiyejali mwandiko wa mama wa mtu hawezi kurithi karakana yangu. Ndiyo maana ya kumfuta. Umeridhika?

Babu


Shuleni, 10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii naiandika badala ya kazi ya jiografia, na ni mara yangu ya kwanza kutofanya kazi ya shule, kwa hiyo uone uzito wake.

Nimeziweka barua mbili kitandani, yako na ya Babu. Wewe unasema ulirudi kutoka dukani ukamkuta Mwalimu analia. Babu anasema kitabu kilikatwa asubuhi ile ile, na Mwalimu akaja saa sita. Duka la uzi ninalijua, Babu huwa ananituma. Kwenda na kurudi ni asubuhi nzima.

Halafu Babu anasema aliyekata hakujali mwandiko. Lakini papo hapo anaeleza mtu anavyoona akizifunua: weupe, kisha weupe, mpaka anaamini hakuna kitu. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Mtu hawezi kuandika hivyo kama hakuwepo yeye mwenyewe, akifunua.

Shangazi, hukukata wewe. Sivyo?

Kimya


Maktaba ya chuo, 22 Machi

Mwanangu,

Nilisahau kwamba nimemwandikia msomaji. Nilidhani namwandikia mtoto.

Ndivyo, hukukosea. Sikukata mimi.

Nilipoingia na furushi langu sikumtazama Mwalimu kwanza, nilimtazama baba yangu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye juu ya ngazi inayoyumba. Mwalimu akauliza, "Nani amekata?" Nikasema, "Ni mimi, Mwalimu." Ilinitoka tu, kama unavyodaka kikombe kinachoanguka. Hufikirii kwanza.

Habari ya macho yake kufifia niliijua kabla ya siku ile. Kwa miezi nilikuwa nawahi karakana, natunga uzi kwenye sindano kumi, naziacha mezani zikiwa tayari ili asilazimike kuuliza. Hakuwahi kusema kitu, nami sikusema. Jina lake ndilo lililokuwa linatulisha sote. Mjalidi asiyeona penseli, nani atamletea kitabu cha mama yake?

Nilidhani jioni, Mwalimu akiondoka, atanishika bega aseme, "Kasi, umeniokoa." Hakusema. Kesho yake akanipa kazi bila kunitazama. Na kesho kutwa. Nikiingia mlangoni anageukia rafu. Miezi minne, Kimya. Kisha ikaja bahasha ya wakili, wakati nalala chumba cha pili kutoka chake.

Ulimwuliza maana ya kumfuta mtu. Mimi nimekuwa na miaka kumi na moja ya kulifikiria hilo nikiwa nashona. Naona ni sawa na kugeuza kioo kikaangalia ukuta. Kioo hakijafanya kosa. Ni kwamba kinakuonyesha.

Sijamkasirikia. Zamani ndiyo, nilimkasirikia hadi nikakonda. Sasa nakumbuka zile sindano, na nasikitika tu kwamba hakuna anayemtungia.

Kwa hiyo nakuomba, na siombi mara nyingi: usimwambie kwamba unajua. Amebaki na wewe tu, mtu mmoja anayempenda na ambaye hajui. Ukimwambia atakufuta na wewe pia, na safari hii atabaki peke yake na paka.

Shangazi yako


Shuleni, 30 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara sita. Mara ya kwanza nilimtii Shangazi, ambaye tunaandikiana, nikakuandikia habari za mtihani wa historia. Ilikuwa barua nzuri. Nikaichana, kwa sababu niliona kwamba kuanzia siku hiyo barua zangu zote kwako zingekuwa za namna hiyo.

Babu, najua ni nani aliyekata.

Hakuniambia Shangazi kwanza. Uliniambia wewe, bila kukusudia, pale ulipoeleza ule weupe. Ulifunua kurasa zote kama inavyotakiwa, moja baada ya nyingine. Hukuwa mzembe. Penseli ilikuwepo na macho yako hayakuiona, basi.

Nadhani hata kabla ya barua nilikuwa najua bila kujua kwamba najua. Likizo iliyopita uliniambia viwanda vya siku hizi vinatengeneza sindano zenye matundu madogo. Herufi zako zinakuwa kubwa kila mwaka. Barua ya mwisho ilikuwa na maneno manne kwa mstari. Na Jaji umemfunika shuka, unawarudishia watu vitabu na kingo zake zilivyo, bila kukatwa, unawaambia ndivyo vinavyopendeza.

Sikuandika haya ili nikuaibishe. Mimi mwenyewe ni mtu wa aibu, naijua. Darasani nikikosea jibu natamani dawati linimeze, na yule aliyeona nikikosea simsogelei kwa wiki nzima, hata akiwa rafiki yangu. Hasa akiwa rafiki yangu. Kwa hiyo nadhani nakuelewa kidogo. Ila wiki yangu moja, Babu, kwako imekuwa miaka kumi na moja.

Shangazi anaogopa kwamba sasa utanifuta na mimi. Na mimi naogopa. Naipenda karakana kuliko ninavyoweza kusema. Lakini ukitaka kunifuta, nifute. Tunafunga shule tarehe saba Juni na nitakuja hata kama sina changu humo ndani. Mrithi anafutwa kwa kalamu, nimeona. Mjukuu sijui anafutwa kwa kitu gani.

Naituma sasa hivi kabla sijaichana na hii.

Kimya wako


Shuleni, 27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya ulilonikataza. Nilimwandikia Babu kila kitu mwisho wa mwezi uliopita. Wiki ya nne hii hajajibu, na yeye hujibu hata kadi za sikukuu.

Mwalimu wa zamu anayegawa barua ameanza kunikwepa, nadhani kwa huruma. Nisamehe. Nilitaka kumrudisha kwako na naona nimempoteza kwetu sote wawili. Kama una hasira niandikie uniambie, nitafurahi hata kwa hiyo.

Kimya


Maktaba ya chuo, 6 Mei

Kimya,

Haraka haraka, basi linaondoka. Sina hasira. Nimeomba ruhusa kazini. Baba ameniandikia. Nitakuambia nikijua la kukuambia.

Kasi


Karakana, 28 Mei

Kimya,

Huu mwandiko unaujua, na si wangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya aandike ninayosema tu na asiongeze lake.

(Nitaongeza. Shangazi.)

Barua yako ilinifikia mapema. Niliisoma kwa lenzi, mstari mmoja asubuhi, mstari mmoja mchana, kwa hiyo usihesabu wiki nne kuwa ni za kununa. Mbili za kusoma. Mbili za kununa.

Kisha nikamwandikia Shangazi yako barua ndefu.

(Maneno mawili. "Njoo, sioni." Yalijaza karatasi nzima.)

Alipofika nilikuwa nimekaa mezani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya sindano, akavuta kiti, akaanza kutunga uzi. Akatunga kumi. Mimi nikazihesabu kwa kidole. Nilikuwa nimeandaa hotuba wiki nzima.

(Mimi pia.)

Siku ya tatu nikamwambia anipeleke kwa Mwalimu. Tukaenda. Nikasema mlangoni kabla sijakaribishwa, maana ningekaa ningenyamaza: "Mwalimu, kitabu cha mama yako nilikikata mimi. Binti yangu hakuwepo." Mwalimu alikuja hadi kizingitini. Akasema, "Mzee, kwa nini unaniambia leo?" Nikasema sina sababu nzuri. Akamgeukia Shangazi yako. "Na wewe! Nimekusema vibaya mtaa mzima miaka yote hii, ukaniacha niseme?" Shangazi yako akajibu, "Mengine yalikuwa kweli, Mwalimu." Mwalimu akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka, akafunga mlango. Hajatusamehe. Ana haki. Jana amemtuma mtoto alete atlasi iliyochanika mgongo, na karatasi inayosema: ashone binti.

(Nimeifunua kurasa zote. Kuna mwandiko kwenye ramani tatu. Nimekunja.)

Sasa wosia. Nilikwenda kwa wakili Jumatatu. Nimekufuta, Kimya. Wakili akashika kichwa. "Mzee, na huyu mtoto naye amekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea, mahali pale pana mwenyewe. Karakana ni ya Shangazi yako. Wewe huna chako humu ndani, hata kibano kimoja. Uje hivyo hivyo tarehe saba. Ukitaka kujifunza kazi, muombe yeye, na ujiandae, ni mkali kuliko mimi.

Uliniuliza maana, nikakujibu kwa ujanja. Sikiliza sasa, na wewe binti yangu, andika kama ninavyosema, usilainishe. Niliwaambia watu nilimfuta kwa sababu alikata. Nilimfuta kwa sababu nilikata. Kila alipoingia mlangoni niliona kilekile nilichofanya, nikadhani nikiondoa jina lake nitaondoa na kile. Hakikuondoka. Aliondoka yeye. Ndiyo maana yake, mjukuu wangu. Hakuna nyingine niliyoipata.

(Nimeandika alivyosema. Hapa ameinuka, amekwenda dirishani, anasema anatafuta kofia. Iko kichwani.)

(Amerudi. Anasema barua imetosha, na kwamba sahihi ataweka mwenyewe, hahitaji msaada, ameweka sahihi tangu mimi sijazaliwa. Nimeweka ncha ya kidole changu mahali mstari unapoanzia. Amekipapasa, amekikuta, amekaa nacho kidogo kabla ya kushika kalamu.)

Babu yako